Pasi Zilizofika Bila Cheti

Wiki ile waraka mpya ulipobandikwa kwenye ubao wa ofisi, Karani na mumewe walikuwa hawasemeshani.

Ofisi yenyewe ilikuwa ya wakala wa forodha, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la rangi, na harufu ya rangi ilipanda ngazi pamoja na wateja. Alikuwa amefanya kazi pale muda mrefu hata watu wamesahau jina lake la kuzaliwa. Wote walimwita Karani, na nyumbani mumewe naye alimwita hivyo hivyo, kwa mapenzi, siku ambazo mapenzi yalikuwepo. Kazi yake ilikuwa kupitia nyaraka za mizigo na kuona kilichokosekana kabla mteja hajakwenda kuaibikia bandarini.

Waraka aliusoma kikombe cha chai kikiwa mkononi. Kuanzia mwezi unaofuata, vifaa vyote vya umeme vinavyotoa joto, yaani pasi, birika, majiko na vingine vya namna hiyo, havitaingia nchini mpaka vikaguliwe na kupimwa kule kule vinakotoka, kabla ya kupakiwa melini. Mzigo utakaofika bila cheti cha ukaguzi huo utarudishwa ulikotoka au utaharibiwa, na gharama ni za aliyeuagiza.

"Hii itawaliza watu," alisema bosi wake, aliyekuwa akisomea nyuma ya bega lake. "Mumeo si ameagiza kontena la pasi?"

"Halijatoka kiwandani."

"Basi ana bahati. Mwambie mapema wakaguzi waende huko huko."

"Nitamwambia," Karani alisema, na alipolisema alilikusudia.

Tatizo ni kwamba kumwambia kulihitaji kufungua mdomo. Siku chache nyuma mama yake mzazi alipiga simu wakati wa chakula cha jioni. Mikono ya Karani ilikuwa na mafuta, akabonyeza spika kwa kiwiko. Mama akaeleza kwamba macho yanazidi kuingia ukungu, ameshamwaga maji ya moto mguuni, na kama haitakuwa taabu, angependa aje akae nao angalau aizoee nyumba wakati bado anaona kidogo. Chumba cha wageni kilikuwa kitupu, kina kitanda na cherehani isiyotumika. Mumewe, ambaye siku hiyo alikuwa amegombana na mpangishaji wa duka, alisema bila kuinua uso kwenye sahani, "Hapa kwangu si hospitali."

Mama alisikia. Akasema, "Kweli, baba. Haidhuru," akakata.

Mume alijulikana mtaa mzima kwa jina la Swichi. Yeye alidhani ni kwa sababu ya duka lake la vifaa vya umeme, lakini waliompa jina walikuwa wakizisema hasira zake, ambazo ziliwaka na kuzimika papo hapo. Dakika tano baadaye alishajutia. Lakini Karani hakuwa mtu wa kuwaka na kuzima. Yeye alinuna kama alivyopanga mafaili, kwa utaratibu na bila kuruka ukurasa. Alimpikia mumewe, alimfulia, alimwekea maji ya kuoga. Maneno ndiyo alimnyima.

*

Walikuwa na mtoto mmoja, binti wa darasa la sita, na kwa majuma yale binti ndiye aliyekuwa posta.

"Mwambie baba yako chakula kipo mezani."

"Baba, chakula kipo mezani."

"Mwambie mama yako nimesikia."

Jioni moja Karani alikuwa anakata vitunguu, mumewe amekaa sebuleni mlango wazi, hatua chache tu kutoka pale, akiandikiana na muuzaji wa kule ng'ambo. Alimsikia akijisomea kwa sauti: mzigo uko tayari, kontena linasubiri nafasi. Akamwita binti.

"Mwambie baba yako..."

Binti alisimama akisubiri. Sebuleni nako simu ilishushwa magotini. Swichi alitega sikio, na Karani alijua kwamba ametega sikio, na kile kitendo cha kumwona anasubiri kikamrudisha nyuma. Alimkumbuka mama yake akisema haidhuru. Akaona kwamba mtu huyu, ambaye mke wake kazi yake ni hiyo hiyo, angeweza kuinuka akaja jikoni akauliza. Aje aulize. Si kinywa anacho? Siku ile alikitumia vizuri sana.

"Mwambie alete magazeti ya kuwashia jiko," alisema.

Jiko lao lilikuwa la gesi. Binti alimtazama mama yake, akaenda sebuleni, akarudi mikono mitupu.

Naye Swichi hakuwa gizani kabisa. Jirani yake wa kibiashara, mwenye duka kubwa la taa aliyeitwa Mzee Balbu, alikuwa amepita dukani kwake asubuhi moja akamwambia, "Nasikia vitu vya joto siku hizi lazima vikaguliwe huko huko. Umemuuliza mkeo?"

"Nitamuuliza."

"Muulize leo. Wewe una bahati, forodha unalala nayo kitanda kimoja."

Walicheka. Jioni Swichi alifika nyumbani na swali likiwa ulimini. Alimkuta mkewe amempa mgongo kwenye sinki, akisugua sufuria ambayo ilishatakata. Alisimama mlangoni. Kabla ya kuuliza habari za mizigo angelazimika kuanza na jambo la mama, na kuhusu jambo la mama hakujua aanzie wapi. Akaenda kuoga. Usiku alimwandikia muuzaji, akamuuliza kama kuna ukaguzi wowote unaotakiwa. Muuzaji akajibu mara moja kwamba kila kitu kiko sawa, rafiki, usiwe na wasiwasi, sisi tunauza dunia nzima. Swichi alilala akijiambia kwamba ameuliza.

*

Aliyeuvunja ukimya alikuwa binti. Siku hiyo Swichi alionja mchuzi akasema, "Mwambie mama yako chumvi imezidi," na binti akaweka kijiko chini.

"Mwambie mwenyewe," alisema. "Mimi nimechoka. Simu yenyewe huwa inawekewa vocha."

Swichi alitoa macho. Karani alijaribu kujizuia, mabega yakaanza kutikisika, kisha akaangua kicheko, na mumewe naye akacheka mpaka akapaliwa, na ni Karani aliyeinuka kumpiga mgongoni. Waliongea jioni ile kama watu waliotoka safari. Swichi alisema, "Lile neno la mama... lilinitoka vibaya," na Karani akasema, "Tutaliongea," na wote wakaona kwamba litaongeleka. Kisha, kwa furaha ya kuwa na wa kumsimulia, Swichi akampa habari yake kubwa.

"Mzigo umeondoka. Meli imeng'oa nanga juzi."

Kicheko kilimtoka Karani usoni polepole.

"Ulikaguliwa?"

"Kukaguliwa na nani?"

"Kabla ya kupakiwa. Kuna cheti. Una cheti?"

Binti aliwatazama wote wawili, akabeba sahani yake, akaenda kulia chakula chake chumbani.

"Sheria hiyo imetoka lini?" aliuliza Swichi.

"Waraka ulibandikwa ofisini mwezi uliopita."

"Mwezi uliopita. Ulikuwa unaujua mwezi mzima."

"Nilikuwa naujua."

"Na ulikuwa unanipikia."

Karani alishika ukingo wa meza. Alikuwa na majibu mengi ambayo alikuwa ameyaandaa siku zote zile, kuhusu mama, kuhusu heshima, na kila alilolitazama sasa lilikuwa dogo. "Nilitaka uniulize," alisema.

Swichi angeweza kumwachia mzigo wote abebe peke yake, na kwa kweli alilifikiria hilo. Lakini hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa hasira tu.

"Balbu aliniambia," alisema mwishowe. "Alisema nikuulize. Nilikuja hadi mlango wa jikoni."

"Lini?"

"Ulikuwa unasugua sufuria."

Hakuna aliyempandishia mwenzake sauti. Ingekuwa nafuu kama wangegombana.

*

Mzigo ulipofika, Karani aliomba ruhusa kazini akaenda bandarini na mumewe. Kwenye dirisha la idara ya viwango walimjua. "Karani wetu," alisema kijana wa mapokezi, "leo umetuletea mteja gani?"

"Mume wangu."

Kijana alisoma karatasi, akazisoma tena, na alipoinua uso hakutania tena. Aliwaonyesha benchi.

Benchi lile walilikalia siku nyingi. Swichi, aliyezoea kuitwa bosi na wauza nyaya, alijifunza kusimama kila mlango ulipofunguka, na kukaa tena mlango ulipofungwa. Alijifunza kumwita kijana wa umri wa mpwa wake "mkuu". Karani aliona shati la mumewe limelowa mgongoni, akatazama pembeni ili asijue kwamba ameona. Na huku ghala linahesabu gharama zake za kila siku, na nyumba yao ndiyo waliyoiweka rehani benki kwa ajili ya kontena lile.

Bosi wa Karani aliwatendea wema. Aliwaandikia barua ya maombi, na idara ikakubali jambo moja ambalo haikulazimika kulikubali: zichukuliwe pasi chache zipimwe. Zikifaulu, watalipa faini na mzigo utoke.

"Zitafaulu," Swichi alisema njiani. "Mimi naijua pasi. Nilishika sampuli kwa mkono wangu mwenyewe."

Kwenye korido nje ya chumba cha vipimo palikuwa na mwanamume mwenye viatu vinavyong'aa ambaye hakuwa mfanyakazi wala mteja, na kila mtu alimsalimia. Alimsogelea Swichi, akamshika kiwiko kama wanaojuana. "Mzee, matokeo yakija vibaya usife moyo. Kontena lako linaweza kuwa la vyombo vya plastiki. Karatasi tu." Alimpa namba ya simu kwenye kipande cha boksi la sigara. Swichi alikiweka mfukoni. Karani aliona.

Mkaguzi alikuwa mwanamke mdogo, kajifunga kitambaa kichwani, mpole wa sauti. Alichomeka pasi ya kwanza kwenye mashine yake. Taa nyekundu. Akachomeka ya pili, nyekundu pia.

"Mashine yako ina shida," alisema Swichi.

"Huenda, mzee. Lakini imeshapima zingine asubuhi."

"Mimi ni fundi, mama. Nimefungua pasi kabla wewe hujazaliwa. Nipe bisibisi."

Mkaguzi alimpa. Swichi aliilaza pasi kifudifudi juu ya meza, akafungua skurubu moja baada ya nyingine, akazipanga kwa mstari kama alivyozoea dukani, akainua kifuniko. Waya wa kijani wenye mstari wa njano, ule unaomwokoa mtu umeme ukivuja, ulikuwa umekatwa mfupi na kuchomekwa ubavuni mwa plastiki. Haukufungwa popote. Ulikuwepo tu ili ukichungulia uuone.

Akavuta nyingine, akaifungua. Waya ulikuwa vile vile. Ya tatu, vile vile.

"Sampuli niliyoshika ilikuwa imefungwa," alisema.

"Sampuli huwa zimefungwa," mkaguzi alijibu. "Ndiyo sababu siku hizi tunataka zikaguliwe huko huko. Zikikutwa hivi kiwandani, wanaozitengeneza upya ni wenye kiwanda, na wewe hugharamii kitu. Zikishavuka bahari, hawapokei simu."

Alilisema bila ubaya, kama mtu anayeeleza njia. Karani alikuwa amesimama karibu na ukuta. Alitazama zile skurubu zilizopangwa kwa mstari, na akahisi kama kuna mtu anamwita kwa jina lake la kuzaliwa.

Kwenye korido, yule mtu wa viatu alikuwa bado yupo. Swichi alimpita. Walipofika nje juani alisimama, akatoa kile kipande cha boksi.

"Akizitoa, zitauzika," alisema. "Siku mbili tu. Na nyumba inabaki."

"Najua," alisema Karani.

"Unajua ni nani ananunua pasi ya bei ile? Ni yule dada anayewapigia watu nguo kwa malipo. Anasimama peku, sakafu ina maji, anarushia matone kwa vidole." Alimtazama mkewe kana kwamba anaomba abishiwe. "Kama nisingefungua. Kama nisingeona."

"Umeshaona."

"Nimeshaona," alisema Swichi, akakichana kile kipande vipande vidogo, na kwa kuwa hapakuwa na pipa la taka karibu, akavirudisha mfukoni.

*

Sheria ilitaka mwenye mzigo awepo mali ikiharibiwa, atie sahihi. Walikwenda wote wawili. Uwanja ulikuwa nyuma ya maghala, na dereva wa buldoza alikuwa akipiga mluzi. Maboksi yalimwagwa, pasi mpya zikateleza moja juu ya nyingine ziking'aa. Kibarua mmoja aliokota moja akaigeuza geuza. "Nzuri hii," alisema. "Mzee, moja tu, nimpelekee mke wangu."

"Iweke chini," alisema Swichi.

"Si inaenda kupondwa?"

"Nimesema iweke chini, mwanangu. Tafadhali."

Kibarua alidhani ni uchungu wa mali. Akaitupa kwenye lundo na kusonya. Buldoza lilipopita halikufanya kelele kubwa kama walivyotarajia, plastiki ilivunjika kama maganda. Swichi alitia sahihi juu ya boneti ya gari la idara, na risiti ya gharama za kuharibu alikabidhiwa Karani, kwa mazoea, kwa sababu kila mtu pale alizoea kumkabidhi Karani karatasi.

Duka lilifungwa, na benki nayo haikukawia kuichukua nyumba. Walihamia vyumba viwili nyuma ya karakana ya milango ya chuma, choo cha kuchangia na wapangaji wengine. Kitanda cha wageni waliuza pamoja na cherehani. Swichi alipata kazi kwa Mzee Balbu, nyuma ya kaunta, na Balbu, kwa kutaka kumsitiri, alimtambulisha kwa wateja kama "mshauri wangu". Wateja wa zamani walimwita bosi kwa siku chache za mwanzo, kisha wakaacha. Mmoja alimpigia mluzi ili amletee waya, na Swichi akaenda kuuleta.

Jambo moja lilibadilika kati yao. Walianza kuambiana kila kitu. Karani alirudi jioni akaeleza waraka gani umetoka, hata wa mbegu, hata wa matairi, vitu visivyowahusu hata kidogo. Swichi alieleza balbu ngapi zimerudishwa na nani alikuja kulalamika. Waliongea kwa bidii, kama wanaolipa deni. Binti aliyefanya hesabu zake kwenye meza hiyo hiyo aliwasikiliza, na wakati mwingine alitamani wanyamaze kidogo.

"Tukamchukue mama," Swichi alisema jioni moja. "Atalala na mtoto. Tutabanana."

Karani aliinamia sahani yake. "Unasema kweli?"

"Nimekwenda kumwuliza mwenye nyumba. Amekubali."

*

Mama aliwapokea mlangoni. Macho yalikuwa yamekwisha kabisa sasa, yamekuwa kama maziwa, lakini ndani ya nyumba yake alitembea bila fimbo na bila kupapasa. Aliepuka pembe ya meza. Aliinama kidogo chini ya ubao uliolegea. Alimimina chai kwa kusikiliza kikombe kikijaa, na hakumwaga hata tone. Jirani alimpikia mchana, mengine alijifanyia.

"Mama, tumekuja kukuchukua," alisema Swichi. "Nilikukosea siku ile. Neno lile sikupaswa kulisema, na hukupaswa kulisikia."

Mama alitabasamu upande ambao sauti ilitoka. "Nilishalisahau, baba. Mwenye shida za biashara husema mengi."

"Basi twende."

"Mngekuwa mmekuja wakati ule, ningekwenda. Bado nilikuwa naona dirisha, naona mlango. Ningejifunza nyumba yenu taratibu, mpaka ukungu uzibe ningekuwa nimeshaijua." Alisogeza kikombe chake katikati ya meza, pasipo kugusa ukingo. "Nyumba hii naijua. Huko kwenu nitakuwa mzigo kweli, nikae pale mtakaponiweka. Niacheni hapa."

Karani alisema, "Mama," akamshika mkono.

"Hukufanya ubaya, mwanangu. Mbona mna huzuni hivyo? Kunyweni chai."

Swichi hakuweza kukaa. Alizunguka chumba akitafuta cha kufanya kwa mikono yake, akakuta taa ya sebuleni imeungua, na soketi yake imelegea kwa siku nyingi. Alitoka akanunua balbu, akapanda juu ya stuli, akakaza skurubu, akafuta utando wa buibui kwa mkono wa shati. Karani alimshikia stuli isiteleze. Kisha akanyoosha mkono ukutani akabonyeza, chumba kizima kikajaa mwanga, na kwa mara ya kwanza siku ile uso wa mumewe ukalegea.

"Haya, mama," alisema kutoka juu. "Inawaka vizuri sasa?"

Mama aliinua uso kuelekea darini, akajaribu, kwa kumstahi mkwewe.

"Sijui, baba," alisema. "Niambie wewe."